Shingo Ipimwe kwa Mikono Kabla ya Radio

Shingo ya binadamu ina pingili 7, na ndani ya pingili hizo unapita ugwe wa neva unaoendesha mikono, miguu, kibofu na hata pumzi. Neva zinazokiongoza kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hutoka usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5. Ugwe ukikatika juu ya hapo, mtu hawezi tena kupumua mwenyewe. Pingili ikivunjika au kuteguka bila ugwe kuguswa, majeruhi anaweza kufika hospitalini kwa miguu yake, kisha akapooza humo humo kwa sababu shingo yake iligeuzwa vibaya. Kwa hiyo hofu ya daktari na muuguzi mbele ya mtu aliyegongwa au aliyeanguka ni hofu ya haki. Hakuna anayeibishia. Kinachobishiwa hapa ni njia iliyozoeleka ya kuituliza.

Njia hiyo ni radio, yaani picha ya eksirei. Rai iliyoenea katika vyumba vya dharura, mjini Kisangani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kama kwingineko, inasema mambo matatu: kwamba kila aliyepata ajali lazima apigwe radio ya shingo, kwamba radio ikionekana safi, shingo ni nzima, na kwamba mahali pasipo na radio wala skaneri (CT), hakuna anayeweza kusema lolote kuhusu shingo ya mgonjwa. Rai hii ina sura ya tahadhari, na wanaoishika huishika kwa nia njema. Lakini mambo yote matatu ni makosa, na kila moja lina gharama inayolipwa na mgonjwa.

La kwanza ni kwamba kila majeruhi anahitaji picha. Jambo hili lilipimwa kwa idadi kubwa ya watu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mwaka 2000, daktari Jerome Hoffman na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya utafiti uitwao NEXUS. Walifuatilia majeruhi 34,069 waliopigwa picha za shingo katika hospitali 21 za Marekani. Waliokutwa na jeraha la shingo walikuwa 818, yaani takriban 24 katika kila 1,000. Wengine wote, zaidi ya 33,000, shingo zao hazikuwa na jeraha.

Watafiti hao walitaka kujua kama maswali machache ya kando ya kitanda yangeweza kuwatenga wenye jeraha na wasio nalo. Maswali yalikuwa matano. Je, mgonjwa anaumia anapobonyezwa kwenye mfupa, katikati ya shingo kwa nyuma? Je, ana ganzi, udhaifu wa kiungo au dalili nyingine ya neva? Je, fahamu zake zimepungua? Je, amelewa? Je, ana jeraha jingine lenye maumivu makali kiasi cha kumfanya asisikie maumivu ya shingo? Jibu likiwa hapana kwa yote matano, mgonjwa huyo hahitaji picha. Kati ya wale 818 waliojeruhiwa shingo, maswali hayo yaliwanasa wote isipokuwa 8, na kati ya hao 8 ni wawili tu waliokuwa na jeraha lenye uzito wa kitabibu. Hakuna kipimo cha hospitali kisichokosea kamwe, lakini vipimo vinavyokosea kwa uchache huu ni vichache.

Mwaka 2001, daktari Ian Stiell na wenzake wa Kanada walitangaza kanuni yao katika jarida la JAMA, iliyotokana na wagonjwa 8,924 wa hospitali 10. Waliokuwa na jeraha zito walikuwa 151, na kanuni iliwatambua wote. Kanuni ya Kanada huenda kwa ngazi. Kwanza huuliza kama kuna hatari kubwa: umri wa miaka 65 au zaidi, ajali ya namna ya kutisha, au ganzi na michomo katika mikono au miguu. Likiwapo mojawapo, picha inahitajika. Kama hakuna, huuliza kama kuna dalili hata moja ya unafuu inayoruhusu shingo kujaribiwa, mfano mgonjwa alitembea baada ya ajali, au maumivu ya shingo hayakuanza papo hapo. Ikiwapo, huuliza swali la mwisho: je, mgonjwa anaweza kugeuza kichwa mwenyewe nyuzi 45 kulia na nyuzi 45 kushoto? Akiweza, shingo huachiliwa bila picha.

Kanuni hizi mbili zilishindanishwa mwaka 2003 kwa wagonjwa 8,283 wa Kanada. Ile ya Kanada ilinasa asilimia 99.4 ya majeraha mazito, na NEXUS asilimia 90.7. Kisha mwaka 2009 zilitolewa habari za jaribio la kuitia kanuni ya Kanada katika kazi ya kila siku, lililohusisha hospitali 12 na wagonjwa 11,824. Katika hospitali zilizoitumia, waliopigwa picha walipungua kutoka asilimia 61.7 hadi 53.3, na hakuna jeraha lililopotea. Anayesema kwamba kumwacha mgonjwa bila picha ni uzembe ana deni la kueleza kwa nini uangalifu uliopimwa kwa maelfu ya watu uwe na heshima ndogo kuliko mazoea.

Neno la kupima kwa mikono lisichukuliwe kijuujuu. Kupima shingo ni kazi yenye utaratibu, na ikifanywa ovyo haina thamani. Mgonjwa analala chali, na msaidizi ameshika kichwa chake pande zote mbili kisitikisike. Mpimaji anapitisha vidole nyuma ya shingo, anaanzia chini kidogo ya kisogo, anabonyeza mfupa mmoja baada ya mwingine katikati kabisa, akishuka hadi ule unaotokeza mwanzo wa mgongo, ambao kwa kawaida ni wa pingili ya 7. Baada ya kila mbonyezo anasimama, anauliza, anautazama uso. Maumivu ya msuli wa pembeni hayana uzito wa maumivu ya mfupa wa katikati, na asiyetofautisha mawili haya hajapima. Kisha mgonjwa anaambiwa abane vidole vya mpimaji, anyooshe viwiko, akunje magoti, ainue nyayo. Anaguswa mikono na miguu huku amefumba macho, aseme anaguswa wapi. Mwisho kabisa, kama kila hatua imepita salama, anageuza kichwa. Anakigeuza mwenyewe, polepole, na mpimaji hamsukumi. Maumivu yakimzuia, anaacha, na shingo inarudishiwa ulinzi.

Vidole bila maneno havitoshi. Mgonjwa lazima aelewe anachoulizwa, na mpimaji lazima aelewe anachojibiwa. Kisangani ni mji wa Kiswahili na Kilingala, lakini hospitalini huletwa pia wazee wa kando ya mto wanaosema Kilokele na watu wa njia ya Opala wanaosema Kimbole. Mgonjwa asiyeelewana na mpimaji hesabu yake ni moja na ya mgonjwa aliyepungukiwa na fahamu: hajapimwa, na shingo yake haiwezi kuachiliwa mpaka apatikane wa kutafsiri. Kumtafuta mtu huyo katika ukumbi wa hospitali ni kazi ya dakika chache, na faida yake inazidi ya bamba la radio.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa maana linawaangukia hasa wale walioumia kweli. Ni imani kwamba radio safi ni cheti cha shingo nzima. Mwaka 2005, Holmes na Akkerinejad walikusanya tafiti zilizolinganisha radio ya kawaida na skaneri kwa majeruhi wa shingo. Skaneri ilionyesha asilimia 98 ya majeraha. Radio ilionyesha asilimia 52. Majeruhi wengi katika tafiti hizo walikuwa mahututi, na hao ndio ambao jibu lao lina uzito zaidi. Kwa watu wa namna hiyo, radio ya kawaida inakaribia kuacha jeraha moja katika kila mawili. Ndiyo sababu chama cha EAST, cha madaktari wa majeraha wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kiliiweka skaneri kuwa picha ya kwanza kwa mtu mzima anayehitaji picha ya shingo, na radio ikaondolewa katika nafasi hiyo.

Sababu za udhaifu huo zinaonekana na yeyote anayeliweka bamba mbele ya taa. Radio ya ubavuni inapaswa kuonyesha pingili zote 7 pamoja na ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua. Mara nyingi mabega hufunika sehemu ya chini, hasa kwa mwanamume mwenye misuli, kama mvuvi wa maporomoko ya Wagenia au mbeba mizigo wa bandarini. Bamba linaishia pingili ya 5 au ya 6, na zilizobaki ni kivuli cheupe. Bamba kama hilo halijaionyesha shingo. Limeonyesha nusu ya juu tu, na mpaka wa shingo na kifua ni mahali ambapo majeraha hujificha mara nyingi. Mikono inaweza kuvutwa chini taratibu, au mkono mmoja ukainuliwa juu ya kichwa ili mwali upite chini ya kwapa, lakini mbinu hizi zina masharti yake kwa mtu mwenye maumivu. Halafu kuna pingili ya 2, ambayo jino lake la mfupa linaonekana vizuri mgonjwa anapofumbua kinywa mbele ya mashine. Mgonjwa aliyevunjika taya au aliyezimia hafumbui kinywa.

Kwa hiyo radio inayostahili jina hilo ni picha tatu: ya ubavuni, ya mbele, na ya kinywa wazi, zote zimekamilika na zimesomwa na mtu aliyefunzwa. Msomaji huyo hufuata mstari wa mbele wa pingili, mstari wa nyuma yake, na mstari wa mizizi ya miiba, akitafuta ngazi isiyotakiwa. Hupima unene wa nyama laini iliyo mbele ya mifupa, kwa sababu damu hukusanyika hapo hata ufa wenyewe usipoonekana. Picha tatu za namna hiyo zina thamani, ingawa hazifiki skaneri. Bamba moja la ubavuni, lililokatika chini, lililosomwa kwa kuinuliwa dirishani, halina thamani hiyo. Madhara yake ni makubwa kuliko kutokuwa na picha kabisa, maana asiye na picha bado ana wasiwasi na anaendelea kulinda shingo, lakini mwenye bamba safi ameruhusiwa kusahau.

Tena kuna majeraha ambayo hata radio iliyokamilika haiyaoni kwa asili yake. Kano zinazofunga pingili zinaweza kuchanika huku mifupa imekaa mahali pake, kwa sababu mgonjwa amelala chali na uzito wa kichwa hauivuti shingo. Wako wanaotaka kuzifichua kano hizo kwa kumkunja mgonjwa shingo mbele na nyuma na kumpiga picha akiwa hivyo. Saa za kwanza baada ya ajali, jambo hilo ni la hatari na halina faida kubwa: misuli iliyokaza huzuia mwendo na kuficha kinachotafutwa. Ugwe wenyewe pia hauonekani kwenye radio. Mwaka 1982, Pang na Wilberger walieleza habari za watoto waliokuwa na dalili za kuumia ugwe huku radio zao hazionyeshi mfupa wowote uliovunjika. Mtoto mwenye ganzi na radio safi ni mtoto aliyeumia, na bamba halina haki ya kumkanusha.

Radio hukosea pia kwa upande wa pili. Ripoti nyingi husema kwamba shingo imepoteza mpindo wake wa kawaida, na maneno hayo hugeuzwa kuwa ugonjwa. Lakini shingo ya mtu mzima mwenye afya inaweza kuonekana imenyooka kwa sababu amelala, kwa sababu amevaa minerva (kola ya kutuliza shingo), au kwa sababu ameogopa na kukaza misuli. Kwa wazee, mifupa iliyochakaa kwa umri huonekana karibu kwa kila mmoja. Mtu aliyepita maswali yote matano, akapigwa radio isiyohitajika, akaambiwa shingo imenyooka, huvishwa minerva kwa majuma kadhaa, haendeshi toleka, ile baiskeli ya kubebea abiria, habebi mzigo, halipwi. Ugonjwa huo amepewa na karatasi.

Gharama za rai hii zina uso wake Kisangani. Mji umekatwa na mto: komini ya Lubunga iko ng'ambo ya kushoto, na komini nyingine tano, pamoja na Makiso iliyo kitovu cha mji, ziko ng'ambo ya kulia. Majeruhi wa Lubunga anayeambiwa akapigwe radio mjini hushushwa mtoni, huingizwa katika pirogi, huvushwa, hupandishwa ukingo, kisha huketishwa juu ya toleka au katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Kila hatua inageuza shingo. Kama hana jeraha, amesumbuliwa na kutozwa bure. Kama analo, safari hiyo bila ulinzi ni hatari kuliko kitu chochote ambacho bamba lingeweza kuokoa. Muuguzi wa kituo cha afya anayejua kuuliza maswali matano na kubonyeza pingili saba angemrudisha wa kwanza nyumbani, na wa pili angemfunga vizuri juu ya ubao kabla ya kumvusha. Huko ndiko kumsaidia mgonjwa.

Gharama ya pili ni fedha. Kongo, familia ya mgonjwa ndiyo inayolipia sehemu kubwa ya matibabu kutoka mfukoni, na desturi ya kuwazuia wagonjwa hospitalini mpaka walipe inajulikana na kila mtu. Faranga zilizolipia bamba lisilohitajika haziwezi tena kununua damu, dawa ya maumivu au tiketi ya kumfikisha kwenye skaneri yule anayeihitaji kweli. Gharama ya tatu ni wakati. Umeme ukikatika, au mpiga picha akiwa hayupo, mgonjwa analazwa kungoja radio ya shingo huku wengu uliopasuka unavuja ndani ya tumbo. Kulinda shingo ni wajibu wa dakika ya kwanza. Kuipiga picha ni jambo linaloweza kungoja hadi pumzi na damu zishughulikiwe. Anayegeuza mpangilio huo anamwua mgonjwa kwa tahadhari.

Mji huu unajua pia siku ambazo majeruhi hawaji mmoja mmoja. Tarehe 8 Julai 2011, ndege ya shirika la Hewa Bora ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua uwanja wa Bangboka. Zaidi ya watu 70 walikufa, na makumi wengine walinusurika. Siku kama hiyo hakuna mashine ya radio katika mji wowote wa ukubwa huu inayoweza kuhudumia kila shingo kwa wakati wake. Maswali ya kando ya kitanda yanaweza kuulizwa na wauguzi kumi kwa mara moja, na yanaamua nani aingie wa kwanza.

Zipo hoja za upande wa pili, na zinastahili majibu. Hoja ya kwanza inasema kanuni hizi zilitungwa Marekani na Kanada, kwa watu wa magari na barabara kuu, hivyo hazihusu mji wa toleka na pikipiki. Sehemu ya hoja hii ina uzito. Kanuni ya Kanada yenyewe huihesabu ajali ya baiskeli iliyogongana na kitu kuwa ya kutisha, na pia kuanguka kutoka urefu wa mita 1 au zaidi, na kupata kishindo cha utosini kama mtu aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi. Hivyo abiria wa toleka aliyegongwa na lori, mgema aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi na kijana aliyeruka kichwa mbele mtoni watahitaji picha kwa kanuni hiyo, hata kama wanajisikia vizuri. Anayeitumia kanuni aitumie yote, asichague mistari inayompendeza. Lakini kiini cha kanuni ni mwili wa binadamu: mfupa uliovunjika huuma ukibonyezwa, na neva iliyobanwa huleta ganzi, kwa mtu wa Ottawa na kwa mtu wa komini ya Mangobo. Anayetilia shaka aipime hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kitivo cha tiba na hospitali zake; daftari lenye majibu ya kila majeruhi, picha iliyopigwa, na hali yake baada ya majuma mawili lingetosha kuanza. Shaka isiyotafuta jibu inageuka kuwa kisingizio.

Hoja ya pili inasema kazi hii ni ya madaktari, na katika zoni nyingi za afya anayempokea majeruhi ni muuguzi. Kanada ililijaribu jambo hilo pia. Mwaka 2009 zilitolewa habari za wahudumu wa gari la wagonjwa, ambao si madaktari, walioitumia kanuni kwa majeruhi 1,949. Wenye majeraha mazito walikuwa 12, na wote walitambuliwa. Mwaka uliofuata zikaja za wauguzi wa vyumba vya dharura. Mwanzoni wauguzi waliwapanga vibaya wagonjwa wanne. Wakafundishwa upya, na baada ya hapo hawakukosa tena. Funzo ni wazi: muuguzi anaweza, mradi afundishwe na asimamiwe. Anayemkabidhi kanuni kwa karatasi tu, bila kumwonyesha vidole vinapita wapi, hajamfundisha.

Hoja ya tatu ni ya watoto na wazee, na hapa kanuni zenyewe zinakiri mipaka yake. Katika utafiti wa NEXUS walikuwamo watoto 3,065, na 30 kati yao waliokuwa wameumia walitambuliwa wote. Lakini watoto wadogo sana walikuwa wachache mno kutoa uhakika. Mtoto asiyeweza kujibu hawezi kuachiliwa kwa maswali, na kwa upande mwingine koo lake lina tezi dundumio changa isiyostahili kupigwa miali ya skaneri bila sababu. Kwake panahitajika muda, macho ya kumtazama akicheza na kugeuka, na daktari mwenye uzoefu. Mzee naye anaweza kuvunja jino la pingili ya 2 kwa kuanguka tu mlangoni mwake, huku maumivu ni kidogo. Aliyefikisha miaka 65 apigwe picha, na iwe picha nzuri.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: je, yule mmoja akikosekana, nani atalaumiwa? Familia huona radio ni ushahidi kwamba ndugu yao amehudumiwa, na daktari huona bamba ni ngao. Lakini ngao inayovuja karibu nusu haimlindi hata daktari. Kinachowalinda wote wawili ni kuandika kwenye faili majibu ya maswali yote, jina la aliyepima na saa, kisha kumweleza mgonjwa na ndugu zake, kwa lugha yao, dalili za kumrudisha mara moja: ganzi, mkono au mguu kulegea, mkojo kukataa kutoka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mgonjwa anayeyajua hayo ana ulinzi ambao bamba haliwezi kumpa.

Kosa la tatu, kwamba pasipo na mashine hakuna la kusema, linaanguka lenyewe baada ya haya. Mahali pasipo na skaneri, kupima kwa mikono ndiko kunakogawa majeruhi makundi mawili. Kundi la kwanza, waliopita maswali yote, huachiliwa bila minerva na bila radio. Kundi la pili, walioshindwa hata swali moja, huhesabiwa wameumia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hao shingo zao zilindwe zikiwa zimenyooka na mwili. Wageuzwe na watu kadhaa kwa mara moja, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja. Wapigwe picha tatu kamili kama mashine ipo, na jibu safi lisiwaondolee ulinzi kama wana ganzi, hawana fahamu au bado wanaumia kwenye mfupa. Minerva nayo isiachwe shingoni kwa siku nyingi bila kutazamwa, kwa sababu huleta vidonda na huongeza mgandamizo ndani ya fuvu la aliyeumia kichwa. Aliyelewa tu, bila dalili nyingine, alindwe hadi ulevi utoke, kisha apimwe upya. Saa sita za kungoja mara nyingi humaliza kazi ambayo ingetozwa faranga.

Kundi la pili ni dogo kuliko jumla ya majeruhi, na upungufu huo ndio unaofanya kumsafirisha mgonjwa kuwezekane. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Hakuna hospitali wala familia inayoweza kumpeleka kila majeruhi mbali kutafuta skaneri, lakini waliochujwa kwa uangalifu wanaweza kutafutiwa njia, na fedha zilizookolewa kwa wengine zinaweza kuwasaidia hao.

Basi hukumu ni hii. Radio ya shingo kwa kila majeruhi ni mazoea yasiyo na ushahidi, na radio safi kwa aliyeshindwa maswali ni uongo unaoaminiwa. Hospitali kuu na vituo vya afya vya jimbo la Tshopo viweke maswali matano ukutani pa kila chumba cha dharura, vifundishe kila muuguzi kupima pingili saba, na visiagize picha ya shingo bila kuandika ni jibu gani lililoilazimu. Kazi hiyo haingoji mashine mpya wala umeme wa uhakika, na inaweza kuanza kwa majeruhi wa kwanza atakayeletwa kesho.